Kungu Aliyeitwa Sangala

Nina hasira za karibu, na wanafunzi wangu wanalijua hilo. Nafundisha biolojia katika lise moja, shule ya sekondari, hapa Rumonge, na mtoto akiandika kwenye kopi yake ya mtihani kwamba popo ni ndege, kalamu yangu nyekundu inatoboa karatasi. Kwa hiyo kisa hiki kinanichoma kukisimulia. Kosa lilikuwa langu, kosa la ukoo wa samaki, na aliyebeba aibu yake ni mtu ambaye maisha yake yote hakuwahi kumwita samaki kwa jina lisilo lake.

Mtu huyo ni mama mkubwa, dada wa tumbo moja wa mama yangu. Yeye hakujaliwa mtoto, basi nilipotimiza miaka sita mama alinileta kwake, nikalelewa hapa karibu na maji. Anauza samaki wabichi mwaloni, mahali mitumbwi inaposhushia mzigo, na meza yake ni mlango wa zamani uliolazwa juu ya mapipa mawili ya mawese. Kitasa bado kipo. Wateja wapya hukishika wakidhani ni kitu cha kupimia, naye huwaacha wakishike, kisha huwauliza kama wanataka kuingia.

Wenzake wanapanga samaki kwa ukubwa, wanene mbele ili wamvute mnunuzi. Mama mkubwa anapanga kwa ukoo. Ndugu wanalala pamoja, husema, na ole wako uweke kuhe, samaki wa ukoo mwingine, katikati ya mikeke. Upande wa kitasa ni wa nyumba ya sangala. Hapo yupo mukeke, wakiwa wengi mikeke, mwembamba, mweupe kama kijiko kipya, ambaye watu wa Bujumbura wanamtuma dereva wao ampate. Yupo sangala mwenyewe, wa jicho kubwa, anayekaa kilindini karibu na chini. Yupo nonzi, mwenye magamba madogo madogo, mzururaji wa maji ya juu anayefukuza ndagala, dagaa wa ziwa letu, mchana kutwa. Na yupo yule jitu wa kwenye mawe tunayemwita kapiteni, ambaye akitoka majini watu huacha chai. Wote wanne, kwa mama mkubwa, ni baba mmoja mama mmoja.

Alinifundisha kuwatambua nikiwa nimefungwa macho kwa kilemba chake kilichonuka moshi na limau. Kwanza shavu: kwenye ukingo wake pana meno ya msumeno na mwiba unaomchoma asiyejua. Kisha kinywa: pitisha kidole, meno ni mengi na madogo, yanakwaruza kama ulimi wa paka, wala hakuna jino refu. Halafu mgongo: pezi la mbele lina miiba, linashuka mpaka karibu liishe, ndipo la nyuma linaanza. Mwisho ubavu, na hapo ndipo nilipompenda mama mkubwa zaidi. Ule mstari wa ubavuni ambao samaki anausikilizia mtikisiko wa maji, yeye anauita barabara. Kwa samaki wengi barabara inakoma kwenye shina la mkia. Kwa watu wa nyumba ya sangala inaingia ndani ya mkia na kwenda mpaka ukingoni. Ya wengine inaishia Rumonge, aliniambia, ya hawa inafika Nyanza-Lac, mji wa mbele kabisa.

Miaka mingi baadaye, chuo kikuu, mwalimu wetu alituonyesha samaki wanne kwenye ukuta akasema wote ni jenasi moja, iitwayo Lates, na kwamba hao wanne duniani kote hawapatikani ila katika ziwa letu. Akaeleza tabia za familia yao. Alipofika kwenye mstari unaoingia mkiani, machozi yalinitoka palepale, nikajifanya nina mafua. Jioni nilimpigia simu mama mkubwa kumwambia kwamba wataalamu wamewapanga kama alivyowapanga yeye. Akauliza kama na wao ilibidi wafungwe macho.

Alijua pia mambo ambayo mkono haushiki. Alijua kwamba watoto wa sangala na wa nonzi wanajificha kwenye majani ya maji karibu na nchi kavu mpaka wapate nguvu, na aligombana na wavuta kokoro, zile nyavu za kukokotwa hadi ufukweni, waliokuwa wakiyakomba majani hayo. Alijua kwamba mukeke hana habari na majani, watoto wake wanakulia katikati ya ziwa wakila vidudu na uduvi, na wakikua wanageuka kuwala ndagala waliokuwa majirani zao. Haya nilikuja kuyasoma vitabuni nikiwa mtu mzima. Yeye aliyasoma kwa kupasua matumbo.

Sasa, desturi ya mwalo wetu ni hii. Samaki mkubwa wa ndoana akiwa sangala, ni wa mwenye mtumbwi. Akiwa nonzi, ni wa wavuvi, wanamgawana wapeleke nyumbani. Sijui nani aliianzisha. Wakishakomaa hawa wawili unaweza kuwatenganisha hata ukiwa umelewa, lakini wa urefu wa mkono wanafanana mno, na hapo ndipo ngumi hukunjwa. Ikifika hapo mtu hupaza sauti: muite mama! Naye huja akijifuta mikono kwenye kitenge, hufumba macho, hupitisha dole gumba ubavuni, hutaja jina moja, hurudi kwenye mlango wake. Hakuna aliyebisha, awe mwenye mtumbwi au mpiga kasia, Mwislamu wa hapa mjini, Mrundi wa milimani au Mkongomani aliyevuka kutoka ng'ambo. Nimekua nikilitazama jambo hilo, na hata leo sijaona hakimu aliyewahi kunitia fahari kiasi kile.

Siku hizi ziwa hufungwa miezi mitatu kila mwaka ili samaki wazaane. Mama mkubwa hana ugomvi na hilo, maana ndilo alilokuwa akiwapigia kelele wavuta kokoro. Lakini mlango bila samaki ni mlango tu. Mwaka wa kosa langu, ndagala wakavu walipomwishia, alikuwa akienda mwaloni kila asubuhi kuupangusa, anakaa, anarudi. Ndipo akaja mfanyabiashara mmoja kutoka Bujumbura na maboksi ya samaki wa barafu, waliotoka baharini kupitia Tanzania. Walikuwa wakubwa, wanene, wekundu kama mawese. Akamwambia hao ni sangala wa bahari, ndugu wa sangala wetu.

Mama mkubwa akamjibu kwamba samaki asiyemjua kwao hamlazi pale. Akajaribu kumsoma mmoja. Kinywa kilikuwa kimefumbwa na barafu, mapezi yameganda, ubavu umevaa ganda jeupe. Alipapasa mpaka vidole vikafa ganzi, akaviacha akivipuliza. Yule bwana alikuwa na haraka, anataka jibu kabla ya adhuhuri. Basi mama mkubwa akamviringisha samaki mmoja kwenye kitenge, akapanda mlima mpaka shuleni kwangu.

Hakuwa amewahi kuja shuleni kwa ajili ya samaki. Nilikuwa chumba cha walimu, kopi za mtihani zimenizunguka, wenzangu wako pale. Akawasalimu wote, amahoro, amahoro, akafungua kitenge mbele yangu.

"Wewe umesoma," alisema. "Huyu iko wa nyumba ya sangala ao siyo?"

Nitasema ukweli: kichwa kilivimba. Wallahi kilivimba. Aliyenifunga macho kwa kilemba chake alikuwa amesimama mbele ya wenzangu akiniuliza mimi samaki ni wa nani. Nikatoa simu, nikatafuta picha za madaftari yangu ya chuo. Nikamwona yule mwekundu: kungu, Wafaransa wanamwita vivano. Juu ya ukurasa wake paliandikwa oda fulani, yaani lile kundi kubwa lenye familia nyingi ndani yake. Nikamtafuta sangala. Juu ya ukurasa wake paliandikwa oda ileile. Nikaishia hapo. Sikushuka chini kwenye familia. Na ile oda ilikuwa pana ajabu, ni kama kusema mimi na mwenye duka la kona ni ndugu kwa kuwa sote tunakaa Rumonge.

Mama mkubwa akasema lakini ni mwekundu. Nikamjibu kwa sauti yangu ya darasani kwamba rangi si ukoo. Maneno yale ni ya kweli, nimeyafundisha mara nyingi, na siku ile niliyatumia kumfunga mdomo. Akauliza taratibu, na barabara yake je, inafika wapi?

"Mama, nina kopi sitini hapa," nikasema. "Ni nyumba moja. Kauze."

Akaniamini. Hakuuliza la pili. Aliwaaga wenzangu, akashuka mlima karibu mbio, na kabla ya alasiri samaki kumi na mmoja walikuwa wamelala upande wa kitasa, naye anawanadi kwa jina la sangala wa bahari. Watu walikuwa na hamu ya samaki. Walikwisha wote. Wa kumi na mbili alimleta nyumbani kwa ajili yetu wawili, akamweka kwenye beseni ayeyuke.

Asubuhi aliniita kutoka uani. Hakuniita mwanangu, aliniita madamu, kama wanavyoniita wanafunzi, nikajua mambo yameharibika. Alikuwa amechuchumaa mbele ya beseni. Akaniambia nifumbe macho, akaushika mkono wangu akaupeleka mwenyewe. Kinywani, mbele, nikakuta meno marefu ya kuchoma, meno ya mbwa. Shavuni hapakuwa na ule mwiba. Mgongoni pezi lilikuwa moja, linaanza mbele linakwenda moja kwa moja mpaka nyuma bila kukatika. Kisha akaweka kidole changu kwenye barabara, nikaifuata, nikaifuata, ikakoma kwenye shina la mkia.

"Inaishia wapi?" akauliza.

"Rumonge," nikasema.

Laiti angenipigia kelele. Aliketi kwenye kigoda, akaitazama mikono yake, akasema amewaita watu samaki wa uongo. Kwake yeye kuna sheria moja, na ameishika tangu kabla sijaja kwake: samaki aliyeuzwa kwa jina la mwenzake anarudi, hata kama ameshaingia chunguni. Nilijaribu kujitetea. Nikamwambia kungu ni samaki mzuri, hana sumu, pwani yote inamla na kumsifu.

"Sikuuza samaki muzuri," alisema. "Niliuza sangala."

Akachukua beseni, akavaa viatu, nami nikamfuata. Njiani nilikuwa nimeshapanga sentensi yangu. Nitasema ni mimi niliyemwambia, yeye aliuliza na mimi nikamjibu ovyo. Nyumba ya kwanza ilikuwa ya fundi cherehani kutoka Kivu ya Kusini. Mkewe alicheka, akasema samaki ameshalala tumboni na alikuwa mtamu kweli. Mama mkubwa akamrudishia alichotoa, akamwambia yule hakuwa sangala, amekosea, amsamehe. Nikafungua mdomo. Nyuma ya yule mama alikuwa amesimama binti yake, mwanafunzi wangu wa darasa la pili la lise, ananitazama. Nikafunga mdomo.

Ikawa hivyo nyumba kwa nyumba. Wengine walicheka, wengine walitushangaa, wengine walitoa samaki wao na kumweka ndani ya beseni. Kwa kila mlango nilijiambia huu unaofuata. Mwisho tukapanda moto mbili, pikipiki za abiria, mpaka Minago, kwa mteja wake wa siku nyingi, aliyekuwa amewakaribisha wakwe. Huko tulikuta mambo yameshawaka. Mmoja wa wakwe aliwahi kufanya kazi pwani, na usiku uliopita chakula kilipotengwa alikuwa ameuliza kwa kicheko ni nani aliyewaambia kungu ni sangala. Mwenye nyumba alikuwa bado anaungua. Alimtazama mama mkubwa mbele ya wakwe zake.

"Na wewe pia, mama?" alisema.

Nadhani angemtukana ingekuwa nafuu. Mama mkubwa alishusha beseni.

"Mimi ndiye nilimuita," alisema. "Kosa ni langu."

Nami nimesimama nyuma yake, nina diploma, nina miaka kumi na mitano ya ualimu, nimenyamaza kimya. Nilikuwa na sababu zangu: wazazi wa wanafunzi, mkuu wa shule, vicheko vya darasani. Sababu zote zilikuwa za mtu mmoja. Mdomo huponza kichwa, walisema wahenga, ila wangu uliponza kichwa cha mwenzangu.

Tuliporudi nilimwambia nitakwenda kwa kila mmoja niwaeleze. Akasema meza ni yake na jina limetoka kinywani mwake. Basi. Hakunisamehe wala hakunilaumu, akaanza kuzungumzia mpira aliousikia redioni.

Jioni alipika wale waliorudi, kwa mawese, nyanya na pilipili kidogo. Niliona haya kula. Yeye alikula kwa raha zake, akafyonza na kichwa, akasifu minofu yake migumu isiyovunjika chunguni. Kisha akapangusa mikono, akasema sasa nimwambie nyumba yake. Nikadhani ananikejeli. Hapana, alitaka kujua. Samaki hakuwa na kosa, alisema, tumelifanya sisi.

Basi usiku ule nilisoma kweli, nikishuka kutoka oda mpaka familia, kutoka familia mpaka jenasi, na kila nilichokisoma nilimwambia. Nikamwambia nyumba ya kungu ni kubwa kuliko ya sangala, ina aina zaidi ya mia moja, wekundu, wa njano, wenye doa ubavuni, karibu wote ni wa bahari za joto. Nikamwambia wakubwa wanakaa kwenye miamba, lakini wengi wao watoto wanakulia pwani kwenye mikoko, kwenye mizizi, mpaka wawe na nguvu za kutoka. Akaitikia kwa kichwa, akasema kama watoto wa sangala kwenye majani. Nikamwambia baadhi yao wanaishi miaka mingi sana, wanaweza kumpita mtu mzima umri, na wataalamu wanaujua umri huo kwa kukisoma kijiwe kilichomo kichwani, cha sikio, ambacho kila mwaka kinaongeza pete moja.

Hakusubiri nimalize. Alichukua kichwa alichokuwa amekifyonza, akakipasua kwa kisu, akachokora, akatoa vijiwe viwili vyeupe, akavisogeza kwenye taa. Tulihesabu. Yeye alipata pete tisa, mimi nilipata kumi na mbili, tukagombana kidogo, tukakubaliana kwamba hatuoni kitu. Akavifunga kwenye pindo la kanga.

Nikamweleza na kosa langu lilipokaa: kwamba wataalamu wa zamani walirundika maelfu ya samaki ndani ya oda ile moja, na siku hizi wenyewe wanaifumua, wanawatoa kundi baada ya kundi, kwa kuwa wameona hawakuwa ndugu kama walivyofikiri.

"Kumbe na wao wanarudisha samaki," alisema, akaridhika.

Ningependa kisa kiishie hapo, tumeshiba, tunacheka. Lakini Rumonge ni mji wa soko. Habari ilitangulia mbele yetu, na wala haikuwa habari ya mwalimu aliyesoma vibaya. Ilikuwa habari ya mama wa mlango ambaye siku hizi hamjui tena sangala. Wengine walisema ni uzee. Ziwa lilipofunguliwa na mitumbwi ya kwanza kurudi, ubishi ulitokea wiki ileile, na hakuna aliyesema aitwe mama. Walimwita kijana mmoja mwenye picha kwenye simu, akatazama simu, akatazama samaki, akataja jina, wakaondoka wakinung'unika. Ubishi wa pili walipiga kura kwa kelele.

Mama mkubwa hakulalamika. Ila siku moja nilikuwa nimekaa karibu naye, mteja akauliza samaki fulani ni nini, na nikamwona anapapasa mukeke mara mbili kabla ya kumtaja. Mukeke! Samaki ambaye angemtambua kwa kukanyaga. Kisha akafumbua macho akamtazama, kuhakikisha. Nilishikwa na uchungu ambao siwezi kuuelezea. Watu walikuwa wameshaacha kumwamini, na sasa mikono yake yenyewe ilikuwa imeanza kuacha.

Jumamosi iliyofuata nilikwenda mwaloni mapema. Mtumbwi mmoja ulikuwa umetoka upande wa Kabonga na ndoana zake, umeleta samaki wa urefu wa mkono, mzuri, anang'aa, jicho lake linarudisha mwanga kama dhahabu. Mwenye mtumbwi alisema sangala. Wavuvi walisema nonzi. Kelele zikapanda, watu wakazunguka. Mama mkubwa alikuwa hatua kumi na tano hivi kutoka pale, anapanga mikeke, na nikaona mikono yake imesimama. Hakuinua kichwa. Alikuwa anasubiri, jamani, na hakuna aliyemwita.

Mmoja akaniona mimi. Akasema huyu hapa madamu, amesoma hayo mambo, atuambie. Wakanifungulia njia. Pale palikuwa na wazazi wa wanafunzi wangu, palikuwa na yule fundi cherehani, palikuwa na wanafunzi wenyewe wamekuja kubeba vikapu. Nikachuchumaa, nikafumba macho, nikapitisha dole gumba. Shavu lilikuwa la nyumba ya sangala. Barabara ilifika Nyanza-Lac. Magamba yalikuwa madogo, lakini madogo kiasi gani? Nilifikiri nonzi. Nusu na zaidi ya moyo wangu ilisema nonzi. Ningeweza kulitamka, na nadhani wangelipokea.

Nikasimama.

"Sijui," nikasema.

Mtu mmoja akacheka, akidhani natania. Nikaanza upya kwa sauti ya darasani, maana nyingine sina. Nikawaambia siku ile ya samaki wekundu mama mkubwa alinijia mimi shuleni. Barafu ilikuwa imemzuia kusoma, akaniuliza kama ni wa nyumba ya sangala, akaniuliza barabara inafika wapi, na mimi nikaona uvivu wa kufungua ukurasa wa pili, nikamwambia auze. Nikawaambia aligundua mwenyewe, kwa mkono wake, samaki alipoyeyuka, na akazunguka kila nyumba kubeba kosa langu huku mimi nimefunga mdomo nyuma yake.

"Hajakosea samaki hata mmoja," nikasema. "Muiteni."

Yule binti wa fundi cherehani alikuwa ameshika mdomo. Mwenye mtumbwi alikuna shingo, akageuka, na ndiye aliyepaza sauti kumwita, yeye ambaye alikuwa na la kupoteza.

Mama mkubwa alikuja akijifuta mikono kwenye kitenge. Hakunitazama. Akafumba macho, akaweka dole gumba nyuma ya shavu, akalivuta ubavuni mara moja tu.

"Nonzi," alisema. "Ni wa wavuvi."

Wakambeba. Mwenye mtumbwi akamshukuru, murakoze, mama, akaenda kufunga kamba zake. Watu wakatawanyika, kila mtu na shughuli yake, na mimi nikamfuata mama mkubwa mpaka mezani. Alipanga mikeke watatu. Kisha akaniuliza mimi nilifikiri ni nani. Nikamwambia nilifikiri nonzi, ila sikuwa na uhakika.

"Mbona siku ile hukusema hivyo?" aliuliza.

Alisogea kwenye benchi, akanipa nafasi upande wa kitasa. Mteja wa kwanza aliyefika alikuwa mgeni, alikishika kitasa, akauliza huyu hapa ni samaki gani. Mama mkubwa akanitazama. Nikafumba macho, nikaanzia shavuni, nikaifuata barabara mpaka mwisho wa mkia, ndipo nikamjibu.